Koko na Vijiko vya Majengo

Asubuhi hii nilikuwa naosha vyombo kwa javeli, dawa ya kuua vijidudu, na ile harufu yake kali ikanipeleka moja kwa moja kwenye kibanda cha chakula pale Majengo. Nilikuwa mdogo. Bibi yangu, tuliyemwita Koko, alikuwa amefika kutoka mji wa Kiwanja, na tulikuwa na njaa ya kweli. Maharagi yalikuwa yanatokota, yananukia kitunguu na mawese.

Mama mwenye kibanda alichovya vijiko viwili kwenye beseni la maji ya kijivu, akavikung'uta, akatupatia.

Koko alikiinua chake kwenye mwanga. "Mama, hiki kijiko kimeingia kinywani mwa watu wangapi leo?"

Kibanda kizima kikageuka kututazama. Nikainamisha kichwa kwa aibu. Nilijua tutafukuzwa kabla sijaonja hata haragi moja.

"Muzee, kama unaona ni vichafu, uvioshe wewe mwenyewe!" mama akafoka.

"Sawa. Nipe maji ya moto na javeli."

Koko akakunja mikono ya blauzi, akachuchumaa, akaanza kusugua. Mwendesha pikipiki mmoja, mashavu yamejaa chakula, akakitoa kijiko chake kinywani polepole, akakitazama, akamnyooshea.

"Koko, na hiki pia."

Watu wakaangua kicheko, wakaja mmoja mmoja na vijiko vyao. Mama mwenye kibanda naye alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la makaa.

Nilikula sahani mbili siku ile, na kila mutu aliyeingia nilimwambia, "Yule anayeosha ni koko wangu."