Fundi wa Nyekundu wa Bulla Pesa

"Adeer, wewe ndiye fundi wa rangi. Mbona kila siku unaniuliza mimi hii ni rangi gani?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la pili. Jirani yetu Ahmednur Guleid alikuwa ameniinulia kitambaa kibichi kinachodondoka maji, nami nimeshamjibu kwamba ni nyekundu. Alicheka, akanipa peremende mbili badala ya moja, na jibu sikupata. Nikaamua kwamba ananipima akili.

Si ndugu yetu wa damu, lakini watoto wote wa mtaa wa Bulla Pesa tunamwita Adeer, yaani baba mdogo kwa Kisomali. Babu yake alikuja Isiolo akiwa askari wa mkoloni, baba yake aliendesha lori la Moyale, na yeye, baada ya miaka michache kwa kiwanda cha nguo, akarudi nyumbani na mabeseni. Kazi yake ni kutia rangi pamba nyeupe. Mikebe yake ya unga haina maandishi. Kila mkebe umefungwa kamba yenye mafundo, moja, mawili, matatu, na kuna majirani wanaoapa kwamba zile ni hirizi.

Mimi nilimtazama kuliko televisheni. Kitambaa kinaingia beseni la kwanza, lenye dawa iliyoyeyushwa na soda kali, kinatoka kimepauka kama chai ya mgonjwa. Beseni la pili lina dawa nyingine na barafu tele. Humo, kufumba na kufumbua, kitambaa kinawaka. Rangi haikuwa kwa beseni la kwanza wala la pili. Inazaliwa ndani ya uzi wenyewe, pale dawa mbili zinapokutana, ndiyo maana utafua mpaka uchoke na haitoki. Mwalimu wetu wa kemia aliziita rangi za azo, akasema dawa ya pili ikipata joto inaharibika. Nilipompelekea Adeer habari hiyo, alisema kitabu nacho kije kitafute barafu Isiolo mwezi wa pili.

Na ilikuwa mwezi wa pili, mwaka huu, Sadia alipokuwa anaolewa Garbatulla. Sadia ni binti wa marehemu kaka yake. Tangu akiwa mtoto, Adeer alimwahidi kwamba wanawake kumi na wawili wa kumsindikiza watajitanda garbasaar nyekundu, mitandio mikubwa ya Kisomali, za mkono wake, si shela za dukani. Gari la kuzibeba lingeondoka Jumamosi baada ya Alasiri.

Jumamosi hiyo stima ilipotea alfajiri. Nilipofika saa tano, garbasaar nne za kwanza zilikuwa kwa kamba na Adeer anapiga mluzi. Beseni la pili lilitoa mapovu kama soda iliyotikiswa, barafu yote imekuwa maji. Na garbasaar zilikuwa kahawia. Kahawia ya mto Ewaso Nyiro mvua ikinyesha.

Adeer alinisimulia kwa furaha: Mzee Galgalo alikuwa amepita, akasema mashallah. Fosia, muuza maziwa ya ngamia, alipita, mashallah. Hata Kiambi wa duka la mbegu, ambaye Jumapili huimba kwaya, alisema mashallah.

"Ruweida, rangi gani hii?"

Nikatazama ukuta. Nikatazama viatu vyangu.

"Kahawia, Adeer."

Mluzi ukakatika. "Zote?"

"Zote nne."

Akakaa juu ya ndoo, akasema Sadia ataolewa na matope. Kisha akainuka, tukaenda mbio kwa Fosia, ambaye hugandisha maji kwa chupa ili maziwa yafike Nairobi bila kuchacha. Nilipomweleza, alifunika mdomo kwa mkono. Alidhani kahawia ndiyo bibi harusi ametaka, na nani ataitia kasoro nguo ya harusi? Alitupa chupa nane kwa sharti moja, zile garbasaar nne ziwe zake. Kumbe alizipenda kweli.

Adeer alichanganya dawa ya pili upya, chupa zikaelea ndani yake, akakata vitambaa vinne vingine. Kila alipochovya aliuliza rangi gani, nami najibu nyekundu. Kufikia cha sita aliacha kuuliza. Alikuwa anageuka tu kunitazama usoni.

Dereva alipiga honi mara tatu. Garbasaar kumi na mbili ziliondoka zikiwa bado mbichi, zimefungwa juu ya gari, zikakauke kwa upepo wa njiani. Adeer akaketi kunawa mikono, nami nikamkumbusha lile swali langu la darasa la pili. Safari hii hakucheka.

"Macho yangu tangu kuzaliwa hayajui nyekundu na kahawia, wala kijani. Kwangu zote ni ndugu. Mtu mzima ukimuuliza, atakwambia mashallah aende zake. Mtoto hukwambia anachokiona. Leo ulipokawia kunijibu, niliogopa umeshakuwa mkubwa."