Namba Nne ya Msumari

Fundi Msumari alipiga randa miaka arobaini, na vumbi la mbao likamla mapafu. Kutoka nyumbani hadi karakana yake ni kilima kimoja tu, lakini mwaka wa pili huu hajakipanda. Seremala bila karakana, jamani, ni mateso kwa nyumba nzima. Alishatengeneza kila kiti mle ndani, hata vile vizima.

Hospitali wakampa dawa ya ajabu: mazoezi. Mtaalamu wa mazoezi alimweleza atembee mpaka kuhema kwake kufike namba nne kati ya kumi, kumi ikiwa ni kukatika pumzi kabisa. Chini ya hapo hapati faida, na ikipanda sana apumzike. Mkewe alikuwepo, akaitikia kwa kichwa. Moyoni alisema, thubutu! Nani amwache mumewe atwete njiani?

Basi kila asubuhi walitoka pamoja, mama na kigoda kwapani. Mzee akianza kuhema tu, kigoda chini, kaa baba watoto. Naye alikaa. Kubishana na mwanamke yule alishaacha zamani, tangu ujana wao.

Wiki ya sita wakampima: umbali ni uleule, hata hatua moja haikuongezeka. Mtaalamu akamuuliza huwa anafika namba ngapi. Akajibu mkewe: saba! Msumari akacheka mpaka akakohoa, akasema hajawahi kupita mbili, askari wake hamruhusu. Mtaalamu akamgeukia mama kwa upole, akamweleza kwamba misuli ya miguu isipopewa kazi hulegea, na miguu legevu hula pumzi nyingi zaidi. Kumkalisha huko ndiko kunakomzidishia kuhema.

Maneno yalimchoma. Mapenzi nayo yana ujinga wake. "Akihema," alisema, machozi yakimlenga, "mimi naona namzika."

Msumari akamshika mkono. "Mke wangu, kwenye kile kigoda ndiko unakonizika."

Kigoda kikabaki nyumbani. Siku za kwanza mama alimfuata ameuma midomo, akihesabu kila pumzi ya mumewe kama yake. Haba na haba wakapita nyumba mbili, nyumba tano, hadi asubuhi moja wakakikabili kilima chote cha karakana. Mzee alifika juu anahema, lakini anaongea. Alipogeuka alimwona mkewe nyuma, ameshika kiuno, anatafuta jiwe la kuketi. Kumbe miaka miwili ya kumkalisha mgonjwa nyumbani ilikuwa imemkalisha na yeye.

Msumari akateremka hatua chache, akampa mkono.

"Usikae, mama," akamwambia. "Tumebakiza kidogo."