Walzi Iliyowavuta Wacheza Majembe

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu, halijatiwa chumvi hata ya kuonja. Mwandishi wa makala haya ameapa hivyo mbele ya mke wake, Mama Festo, ambaye ameomba jina lake lisitajwe.

Saa tisa alasiri, nje kidogo ya Ushirombo, karasha linazimwa. Hii ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, pipa la chuma lenye magololi mazito tumboni, na likizunguka hata mbuzi wa jirani hulazimika kupaza sauti. Likinyamaza, masikio ya watu huendelea kuvuma kama mzinga wa nyuki.

Mwanamke mrefu, mwenye vumbi jeupe hadi kwenye kope, anainamia karai la maji. Anaosha kidole kimoja kimoja, na chini ya kila ukucha anapitisha kijiti.

"Shikamoo, Babu," anamwambia mwandishi, kwa sauti ya kumwamsha mtu aliyelala Ushetu.

"Marahaba, Mama Eliya. Mbona unanawa kama daktari anayekwenda kupasua mtu?"

"Piano haipendi mchanga. Ukiingia katikati ya meno yake, linang'ang'ania jino moja, linalia peke yake mpaka kesho."

Huyu ni Salvina Alois, miaka 43, mama wa watoto watatu na mwendesha karasha kwa miaka tisa. Siku yenye mawe hulipwa shilingi elfu kumi na tano. Siku isiyo na mawe hulipwa salamu. Jioni, mawe yawepo yasiwepo, hutembea hadi ukumbi wa parokia, anafunua piano nzee waliyoiacha masista, na kupiga kipande kilekile: walzi.

Walzi ni muziki wa kucheza wa Ulaya, wenye midundo mitatu mitatu. Mmoja unakanyaga, miwili inafuata kwa kunyata. Hii ya Salvina ilitungwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, enzi ambayo watunzi wa kule walianza kusema mambo ya moyoni kwenye piano bila kuona haya.

"Mara ya kwanza niliisikia kwa Mwalimu Pantaleo, nilikuja mazoezi ya kwaya mapema," anasimulia. "Nikakaa kwenye benchi. Alipomaliza nikamwambia, Mwalimu, huyo mtu alifiwa au alioa? Akaniambia, ndiyo hapo sasa."

Pantaleo ndiye mwalimu wa kwaya. Nota alifundishwa seminari, na mchana hutengeneza baiskeli. Alikubali kumfundisha Salvina, na kwa miezi mingi alijuta, maana mwanafunzi wake alikuwa akipiga kama anavyoongea, na anaongea kama mtu aliyesimama kando ya karasha.

"Nilikuwa namwambia, dada yangu, humwiti mtu ng'ambo ya mto," anasema Pantaleo. "Mkono wa kushoto ni mama aliyejitwisha ndoo. Anatembea, hana haraka, hasimami. Mkono wa kulia ni maji yaliyomo ndani ya ndoo. Maji yanaruhusiwa kucheza, kuchelewa, kuwahi. Mama haruhusiwi."

"Na mimi kwangu mama alikuwa anakimbia na ndoo imemwagika yote," anadakia Salvina.

Hadi leo hawa wawili hawajakubaliana juu ya maana ya kipande hicho. Pantaleo anashikilia kwamba walzi hii haikuandikwa ili watu wacheze. Ni ya mtu aliyekaa pembeni, anawatazama wengine wakicheza, anakumbuka.

"Sawa, amekaa," anajibu Salvina. "Lakini miguu yake inacheza chini ya kiti. Usipoisikia hiyo miguu, umeipiga vibaya."

Kinachomsumbua zaidi ni mwisho. Walzi inaanza na wimbo wa huzuni, katikati inachangamka kama mtu aliyeona wageni wakiingia uani, kisha wimbo wa kwanza unarudi, nota kwa nota, bila kubadilika.

"Nilikuwa naurudia vilevile. Siku moja nikajiuliza, mtu akitoka nyumbani kwenda arusini, akarudi, ni yuleyule? Nguo ni zilezile. Kaingia kwa mlango uleule. Lakini sasa ana harufu ya pilau."

Taabu ilianza msimu wa mavuno. Mwaka huo mahindi yalikubali kiasi kwamba, kwa macho yake mwenyewe, mwandishi wa makala haya aliona kuku wa Bukombe wakikataa punje na kuomba mboga. Kikundi cha wakulima kikakosa ghala. Mwenyekiti wake, Maduhu, mfugaji na kiongozi wa ngoma ya majembe, akamwendea padri kuomba ule ukumbi.

"Na piano?" padri akauliza.

"Itakaa barazani. Ni mbao ile, si mgonjwa."

Salvina alipopata habari aliacha karasha likizunguka peke yake. Barazani kuna mchwa, na mvua hupiga kutoka upande wa mashariki. Piano ikitoka ukumbini, mwaka hauishi kabla haijawa kuni.

Padri alikuna kichwa. Wote ni waumini wake, na wote wana haki. Ndipo mtu mmoja akasema jambo ambalo lingesemwa huku kwetu tu: wapelekwe uwanjani, mshindi achukue ukumbi.

Asiyejua ngoma zetu baada ya mavuno aelezwe. Hatuchezi kwa zamu. Pande mbili husimama kwenye uwanja mmoja na kuanza kwa wakati mmoja. Watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Mwisho wa mchezo, penye watu wengi ndipo penye ushindi, na hakuna wa kulalamika kwamba mwamuzi kahongwa, kwa kuwa mwamuzi ni miguu ya watu.

Maduhu alikubali kabla sentensi haijaisha. "Mayu," alimwambia Salvina, kwa maana ya mama, "nina ngoma nane, filimbi tatu na majembe ishirini. Wewe una sanduku."

"Tutaonana Jumamosi, Baba."

Jumamosi hiyo watu walifurika. Wapo waliotoka Nyahanga. Kutoka Ibadakuli alikuja bwana mmoja aliyedai ameiacha ndege kwenye kiwanja cha kule ikimsubiri. Wanawake wanaoosha mchanga pamoja na Salvina waliitoa piano hadi mlangoni, mbele ya uwanja, kwa kuiviringisha juu ya mabomba, kama wanavyohamisha karasha, wakiongozwa na Serafina, ambaye alikuwa akiitukana kwa upendo kila ilipogoma.

Filimbi ikapulizwa. Upande wa Maduhu majembe yalirushwa juu, yakapindukia angani, yakadakwa nyuma ya mgongo. Vumbi likapanda. Uwanja mzima ukahamia huko kama maji yanavyofuata mteremko.

Upande wa piano walibaki Pantaleo, wanawake wa mabomba, bibi kizee Mbuke aliyekuwa ameshindwa kuhamisha kigoda chake, na mwandishi wa makala haya, ambaye ndiye aliyekuwa akimgeuzia Salvina kurasa.

Salvina aliona watu wanakwenda, akaongeza nguvu. Wakazidi kwenda, naye akazidi kuongeza. Walzi ikawa inatwangwa. Yule mama mwenye ndoo alikuwa sasa anakimbizwa na nyuki.

Maduhu alipita akicheza, jembe begani. "Mama Eliya, sanduku lako linaumwa meno? Nimtume mtu akaite mganga?"

Watu wakacheka. Salvina akapiga kwa nguvu zaidi, mpaka mfuniko ukaanguka wenyewe.

Kisha ngoma zikanyamaza. Ngozi zilikuwa zimelegea, na kama ilivyo kawaida, wapigaji walizipeleka motoni zikakazwe. Uwanja ukabaki na minong'ono na kikohozi cha vumbi.

Pantaleo alimwinamia Salvina sikioni. "Karasha limezimwa," akasema. "Hakuna wa kushindana naye kwa sauti. Sema nao taratibu."

"Watasikiaje?"

"Watasogea."

Salvina aliifungua piano upya. Alianza mwanzo kabisa, kwa sauti ndogo kiasi kwamba hata Serafina, aliyekuwa ameegemea ubao wa piano, aliinamisha kichwa. Mama akatembea na ndoo yake. Maji yakachelewa kidogo ukingoni, yakarudi.

Bibi Mbuke akavuta kigoda chake mbele. "Anasema nini huyu?"

"Nyamaza, Bibi, tusikie," akajibiwa na mtu wa nyuma yake, ambaye dakika moja kabla hakuwa nyuma yake.

Ndivyo ilivyoanza. Mtu akimnyamazisha mwenzake, aliyenyamazishwa anasogea kujua ananyamazishiwa nini. Akifika karibu, naye anamnyamazisha mwingine. Huku kwetu mtu akipiga kelele tunajua shida yake, tunaendelea na safari. Akinong'ona, hatutoki.

Ilipofika sehemu ya kuchangamka, Bibi Mbuke aliinuka. Aliwahi kuwa mchezaji maarufu, na miguu haikuwa tena yake, lakini mabega yalikuwepo. Akayapeleka kwa mdundo wa kwanza, akayaacha yarudi yenyewe kwa miwili iliyofuata. Nyuma ya umati ng'ombe sitini waliacha kula. Fisi wawili, mchana kweupe, walikaa kitako na kukunja mikia.

Ngoma zilirudi kutoka motoni zikiwa zimekazika vizuri. Mpigaji mkubwa akainua mikono. Hapo ndipo Maduhu, ambaye alikuwa amesimama katikati ya uwanja uliobaki mtupu, alipoinua jembe lake kumzuia.

"Subiri," akasema. "Ule wimbo wa kwanza umerudi. Muache amalize."

Salvina anakiri kwamba aliyasikia maneno hayo, na vidole vikataka kukimbia. "Nikasema, hapana, huyu ndiyo anarudi kutoka arusini, asikimbie. Nikampeleka polepole mpaka mlangoni."

Alipomaliza, Maduhu alivuka uwanja, akasimama karibu na piano.

"Wabeja, mayu," akamshukuru. "Mahindi yangu nitayatafutia paa. Ila urudie ile ya katikati, vijana wajaribu majembe."

Wakajaribu. Walirusha kwa mdundo wa kwanza na kudaka kwa wa tatu, na jembe lililokosa mdundo lilimtafuta mwenyewe. Ilichezwa walzi Ushirombo hadi jua likazama, na mahindi yakapewa darasa la zamani la katekisimu, ambalo lilihitaji bati chache tu.

Sasa Salvina anataka kuanzisha darasa la Jumamosi kwa wanawake wa karasha na watoto wao. "Si lazima wawe wapigaji," anasema. "Nataka wajue kusikia kitu kidogo. Sisi masikio yetu yamezoea kupigwa." Padri amekubali. Wanafunzi wa kwanza wameshajiandikisha, na mmoja wao ni Maduhu.

Kabla ya kupeleka makala haya gazetini, mwandishi aliona ni adabu kumsomea mhusika. Walikaa ukumbini, Salvina, Pantaleo na Maduhu aliyekuja kwa somo lake. Walisikiliza hadi mwisho bila kukatiza.

"Babu," akasema Salvina. "Kuku wa mboga nimekusamehe. Fisi nao nimewasamehe, na aliyeacha ndege Mungu amsaidie. Lakini kurasa ulizigeuza zipi?"

"Za walzi."

"Walzi naipiga kwa kichwa. Karatasi zililiwa na panya kabla ya Pasaka."

Mwandishi alimtazama Pantaleo. Pantaleo akatazama dari.

"Na mimi nashangaa," akasema Maduhu, "maana mzee mmoja mwenye filimbi yangu ya tatu alikuwa anapuliza upande wangu tangu mwanzo. Alivuka uwanja baada ya Bibi Mbuke kusimama. Alivuka akikimbia."

"Basi," akasema Salvina, "kwa desturi ya uwanja, aliyevuka humwachia mshindi kitu alichovaa. Wote waliacha, wengine hadi ndala. Wewe tu ulisema hudaiwi, eti ulikuwa kwangu toka asubuhi."

Akaeleza kwamba panya walewale walikula pia vipande vya sufu vinavyonyamazisha nyuzi tatu za chini, hivyo sauti ya mwisho ya walzi haifi, inaendelea kulalamika hata baada ya yeye kuinuka. Alisema hayo huku akiitazama kofia ya pama ya mwandishi, ambayo ni ya sufu nzito iliyoshindiliwa, ya kijivu, na iliyonunuliwa Shinyanga kwa pensheni ya kwanza.

Mwandishi aliivua. Salvina akachukua mkasi, akaanza na ukingo.

Pantaleo alipomaliza kubandika vipande, Salvina alipiga mistari ya mwisho, polepole, akaachia vidole. Ukumbi ukanyamaza wote kwa pamoja. Mwandishi akapapasa kichwa chake chenye upara, akaomba irudiwe.