Kichwa cha Samaki Namba Kumi na Saba

Dokta Bernadetta Rugemalira hajawahi kumchoma mtu sindano, na jambo hilo mama yake kule Muleba hajamsamehe mpaka leo. Mama wa watu aliuza kahawa, akauza ndizi, akasomesha, akasubiri, mtoto akarudi na udaktari wa samaki. Kila akipiga simu Pasiansi, ambako Dokta amepanga nyumba, huuliza kama bado yuko na samaki, kwa sauti ya mtu anayeulizia ugonjwa. Dokta hujibu kwamba bado.

Mimi naitwa Masalu, ni dereva wa kituo cha utafiti anapofanyia kazi, hapo ufukweni. Ni Msukuma, na kuishi na Wahaya kwangu ni kazi nyingine isiyo na posho. Tunawaita nshomile, yaani waliosoma, nao hudhani tunawasifu. Lakini Dokta Koku, kama tunavyomwita kwa jina lake la nyumbani, Kokulinda, hana majivuno. Yeye ana tatizo jingine: anasema jambo lilivyo, kwa sauti ileile anayoombea chumvi. Ofisini, afadhali angekuwa na majivuno.

Kazi yake ni kutafuta umri wa sato. Ndani ya kichwa cha samaki kuna vijiwe viwili vyeupe, kimoja kila upande, vinavyomsaidia kusikia na kukaa sawa majini. Kijiwe kina mistari kama ya kisiki cha mti. Huko kwenye nchi za baridi mstari mmoja ni mwaka mmoja, lakini ziwani kwetu baridi yenyewe ni ya kusimuliwa, kwa hiyo wataalamu wanabishana mstari mmoja ni muda gani. Usipojua hilo, hujui kama sato wa ghuba yetu wanafika uzeeni au wanakufa vijana, na sheria ya nyavu unaipanga kwa kubahatisha. Alinieleza haya yote siku tuliyokwama Mkolani nyuma ya lori la mchanga. Nilielewa kuliko nilivyokusudia.

Njia ya kujua ni kumvua samaki akiwa hai, kumbana kibati chenye namba kwenye shavu, kumrudisha ziwani, kisha kungoja mvuvi amvue tena. Ukijua amekaa majini muda gani, unalinganisha na mistari yake. Shida ni huko kungoja. Kunataka mafuta ya boti, kunataka watu wa kuzunguka mialoni samaki wanakoshushwa, na kunataka motisha, maana mvuvi hawezi kukuletea sato mzima na kichwa chake kwa sababu tu anaipenda sayansi.

Kwa mambo hayo serikali ina Mfuko wa Utafiti. Kila mwaka Mfuko hutoa tangazo, watafiti wa nchi nzima wanapeleka maandiko yao, nayo hupelekwa kwa wahakiki wasiotajwa majina, ambao huyarudisha na maoni. Mara ya kwanza walimwambia Dokta wazo ni zuri ila bajeti haieleweki. Akaomba tena. Wakamwambia sasa bajeti ni nzuri, wazo ndilo halieleweki. Alinuna wiki nzima, hata salamu tukawa tunaitikiwa kwa kichwa, halafu akakaa chini akaandika upya. Safari hiyo wakampa: fedha za miaka mitatu, wanafunzi wawili wa uzamili wasomeshwe kupitia kazi hiyo, na ahadi ya awamu ya pili, yenye hadubini ya kisasa ya kusomea vile vijiwe, endapo ya kwanza itaridhisha. Nikiri kwamba walinishangaza. Walikuwa wakipiga simu kumuuliza amekwama wapi. Mimi ofisi zinazopiga simu ninazozijua huwa zinauliza kwa nini umechelewa.

Mhakiki mmoja aliweka sharti. Vichwa vyote vipasuliwe siku moja, kwa mkono mmoja, mbele ya watathmini wa Mfuko, asije mtu baadaye akasema mawe ya samaki huyu yamechanganywa na ya yule. Dokta alilipenda sharti hilo kuliko fedha zenyewe. Kwa hiyo kila sato aliyerudishwa na wavuvi alipimwa, akaandikwa, akalazwa kwenye friza akiwa mzima na kibati chake shavuni. Juu ya friza Dokta alibandika karatasi: VIBATI VISIGUSWE. Kuhusu samaki wenyewe karatasi haikusema kitu.

Sasa kituo chetu kina desturi. Samaki akishapimwa urefu na uzito na kuandikwa, kazi yake kwa taifa imekwisha, anakwenda jikoni. Nilipoajiriwa niliikuta, na walionitangulia waliikuta. Wakurugenzi wamekuja na kuondoka, mifumo ya kompyuta imebadilishwa, desturi imebaki. Na sato wote wa kwenye friza walikuwa wamepimwa.

Siku ya tathmini ilipokaribia, ilikuja barua kwamba watathmini hawatapokea zawadi wala chakula kutoka kwa mtafiti. Mzee Kashindye, mkuu wa kituo, aliisoma akavua miwani.

"Masalu," akaniambia, "hawa watu walilelewa na nani?"

Walikuja watatu, kiongozi wao Profesa Luhaga, Msukuma mwenzetu, mtu mzima mwenye mvi na viatu vilivyopigwa rangi vizuri. Asubuhi walikagua mahesabu, wakawahoji wale wanafunzi wawili, kisha Dokta akawapeleka kwa boti kuona sehemu walikoachiwa sato. Ratiba ilisema warudi saa tano, wapasue vichwa, waondoke. Upepo ukaanza. Saa tano ikapita, na saa sita nayo. Mzee Kashindye alisimama ufukweni akiangalia boti linavyorushwa kule mbali, akawa anaumia kwa namna ambayo barua ya Mfuko haikuifikiria.

"Mgeni aondoke na njaa kwenye kituo cha samaki," akasema. "Mzee mwenzangu, mwenye mvi. Mimi nitaonekanaje?" Akafikiri kidogo. "Barua imekataza chakula cha mtafiti. Mimi si mtafiti. Mimi ni mwenyeji."

Akanituma mwaloni Igogo nikatafute sato. Mitumbwi ilikuwa haijaingia kwa sababu ya upepo uleule, nikarudi na nyanya. Basi akaenda kwenye friza yeye mwenyewe, na kwa kuwa mgeni hapewi kidogo, akachagua wakubwa tisa. Modesta, mpishi wetu, aliwatazama pale mezani.

"Mzee, hawa si wa Dokta?"

"Wameshapimwa?"

"Wameshapimwa."

"Basi."

Modesta ni mtu wa kufuata maagizo. Aliwapaa magamba, akawatoa matumbo, akawachemsha na nyanya nilizoleta, na vibati hakuvigusa. Mimi nilimsaidia kumenya vitunguu, na sikufikiri kitu. Wala sikujua, maana hakuna aliyewahi kuniuliza, kwamba samaki wakubwa ndio wazee, na kwamba kama jibu la Dokta lilikuwa mahali popote duniani, lilikuwa kwenye sufuria ile.

Boti liliporudi wote walikuwa wamelowa. Dokta na wanafunzi wake wakapitiliza maabara kupanga visu na vichupa. Mzee Kashindye akawachukua wageni akawaingiza ukumbi wa chakula. Profesa alikataa, na alikataa vizuri, akitoa sababu. Mzee akamweleza habari ya mwenyeji na mtafiti, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kisukuma, ambacho ni kigumu kukikatalia. Wakati wanabishana, Modesta akaweka sahani. Profesa akaitazama. Kwetu kichwa ni cha mgeni mkubwa, na kilichokuwa mbele yake kilijaa sahani.

Akakigeuza kwa kidole kibati, kitu ambacho mpaka hapo alikuwa amekisoma kwenye makaratasi tu. "Na hii namba kumi na saba?"

"Ni ya ubora," akasema Mzee Kashindye, ambaye kwa kweli alikuwa amevisahau vile vibati.

"Mnajitahidi," akasema Profesa, akaketi.

Mimi nilipewa mkia, kwa hiyo kwenye jambo hili mikono yangu ni safi.

Hatujala sana, Dokta akatokea mlangoni na glavu mkononi. Alikuwa ametoka kwenye friza. Alitazama sahani moja, akatazama ya pili, na uso wake ukapauka kama wa mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Nilimwonea huruma. Miaka mitatu ya kungoja, na wale waliokuja kuamua kama ataendelea walikuwa wanaunyonya ushahidi wake kwa adabu kabisa. Mtu mwingine angelia, au angerudi nje akatunge la kusema.

Dokta alitembea moja kwa moja mpaka kwa Profesa.

"Samahani, Profesa," akasema. "Naomba hicho kichwa."

Kumnyang'anya mgeni sahani ni jambo ambalo kwetu hata jina halina, maana halijawahi kuhitajika. Mzee Kashindye alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Daktari," akasema kwa sauti ya chini, "mwache mgeni amalize."

"Akimaliza hakuna kitu, Mzee."

Akaichukua ile sahani. Akapita akikusanya vichwa vyote, cha mtu wa masjala, cha mhasibu, na cha Mzee Kashindye mwenyewe, ambaye alikikabidhi huku akitazama dirisha. Mawe yaliyokuwa yametemwa pembeni mwa sahani aliyaokota pamoja na kichwa chake na kibati chake. Halafu akarudi kwa Profesa, kwa sababu kichwa namba kumi na saba kilikuwa na kijiwe kimoja tu.

"Profesa, kulikuwa na kitu kigumu mdomoni?"

Profesa alifuta midomo taratibu. "Nilidhani ni mchanga," akasema. "Nikaona si adabu kutema."

Mzee Kashindye, akitaka kusaidia, akasema kwamba mpaka kesho asubuhi, kwa njia za kawaida, labda kijiwe kingepatikana. Dokta akamjibu kwamba tumboni kinayeyuka.

Wakaenda maabara. Vichwa vikapasuliwa vyote, vibichi kwanza, halafu vile vilivyopikwa, Profesa ameketi kama sharti lilivyotaka. Kupika hakukuharibu mistari sana, ila vichwa havikuwa tena vimetunzwa vyote namna moja kama ilivyoahidiwa, na kila mtu mle ndani alijua kwamba awamu ya pili iko mashakani. Ilipofika kujaza fomu ya ushahidi, Mzee Kashindye alimvuta Dokta kando, karibu na mlango nilipokuwa nimesimama.

"Andika kimepotea," akambembeleza. "Neno moja tu. Ukiandika kilivyo, unamharibia mtu mzima kazi, na yeye ndiye ameshika awamu yako ya pili. Mwanangu, nani atakulaumu?"

Nadhani Dokta alikuwa anawaza wanafunzi wake, na wavuvi, na mama yake.

"Hakikupotea, Mzee," akasema. "Najua kilipo."

Akaandika: namba kumi na saba, kijiwe kimoja, cha pili kimemezwa na mtathmini. Akamsogezea Profesa fomu. Profesa akaisoma akiwa amekunja uso, akaomba kalamu, akasaini. Hakuaga vizuri. Safari nzima ya kwenda uwanja wa ndege alitazama nje, nami sikuwasha redio.

Miezi ikapita. Dokta alikonda. Alianza kuulizia nafasi za kufundisha sekondari, na mimi nikawa nampitisha njia ndefu kwa makusudi ili asifike ofisini mapema akafungua kompyuta na kukuta hakuna kitu. Siku barua ya Mfuko ilipokuja alituita ukumbini, akaisoma kwa sauti yake ya chumvi. Awamu ya pili imekubaliwa. Vijiwe vya wale sato tisa waliopikwa viripotiwe peke yake. Iliambatanishwa taarifa ya kiongozi wa tathmini, na sehemu ya chakula ilikuwa mistari miwili: "Nilikula, kinyume cha kanuni. Mtafiti alininyang'anya sahani, na alikuwa sahihi." Chini yake waliandika kwamba Profesa Luhaga ameomba mwenyewe aondolewe kwenye orodha ya watathmini, na ombi limekubaliwa.

Dokta akaikunja ile barua, akalia. Alilia wazi, mbele yetu wote, na Mzee Kashindye naye akavua miwani. Mimi moyo uliniuma, kwa sababu yule Profesa nilikuwa nimeshamsema vibaya mjini kote.

Kesho yake Dokta alimpigia Profesa simu. Alimwambia kwamba sasa si mtathmini tena, kwa hiyo hakuna kanuni inayomzuia kula. Mwezi wa sita akaja, kwa nauli yake, na viatu vyake vilevile. Safari hii sato nilimnunua mimi, Igogo, asiye na kibati wala namba. Modesta akampikia na nyanya, akamwekea kichwa.

Dokta alikaa upande wa pili wa meza, bila kula, anamtazama tu. Profesa alikula polepole, upande wa kulia, kisha wa kushoto, hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza aliingiza vidole viwili mdomoni, mbele ya watu wote, akatoa kijiwe, halafu cha pili, akavifuta kwa leso yake na kuviweka ukingoni mwa sahani upande wa Dokta.

"Hesabu," akamwambia.