Fimbo za Shaba ya Njano

Shemeji yangu husuka upya nyaya za mota zilizoungua, kwa mikono ya dhahabu na kichwa cha jiwe. Mtaani wanamwita Nyekundu, maana kwake hakuna madini duniani ila shaba nyekundu. Shaba ya njano, ile ya vitasa vya milango, huitaja akiwa amekunja pua. Mimi nakereza vyuma katika karakana hiyohiyo, kwa hiyo mahubiri yake nimeyasikia hadi nikayaota.

Mkewe ni dada yangu, mwoka mikate. Mashine yake ya kukandia ilikuwa na ugonjwa mmoja: ikiwa tupu inazunguka kwa madaha, ukiitia unga inaguna tu. Dada akazoea kuingiza mkono kwenye beseni na kuusukuma mwiko wa chuma; ukianza kuzunguka, anauchomoa mkono mbio. Siku moja mwiko ukamuwahi, ukaondoka na ukucha. Shemeji alipouona ule mkono umefungwa kitambaa, aliisukuma sahani kando.

Akaifungua mota. Ndani ya rota, yaani kile kiini kinachozunguka, mna fimbo za kupitishia umeme. Akang'oa za zamani, akaniagiza mpya, nene, za shaba unayoijua. "Hapo itasokota hata mawe," akajigamba.

Mota ikawa baridi kama mtungi, mwendo wake laini. Tulipotia unga, ikaguna kuliko mwanzo.

"Mke wangu, unga wako mgumu mno."

"Na hicho kichwa chako je?" Dada akaingiza mkono kwenye beseni. Shemeji akakimbilia swichi, akazima.

Tangu hapo mahubiri yakakoma, na karakana ikapata utulivu ambao, Mungu anisamehe, niliufurahia kidogo. Kisha asubuhi moja akajikwaa kwenye mota mbovu ya winchi, ambayo tuliitumia kuzuia mlango usijifunge. Badala ya kutukana akaikodolea macho. Winchi huanza kunyanyua mzigo ikiwa imesimama tuli. Haina wa kuisukuma. Akaifungua. Fimbo zake zilikuwa za njano.

Akakaa chini. Alikuwa amefundishwa hayo ujanani, ila mapenzi ni kipofu. Shaba nyekundu hupitisha umeme bila kinyongo, na mota ikishashika mwendo ni raha tupu. Lakini kwenye kuanza, fimbo zenye ukinzani zaidi, yaani zinazoubania umeme kama hizo za njano, ndizo zinazoipa rota nguvu ya kusokota. Utalipia kwa joto na mwendo kupungua kidogo.

"Shemeji," akaniita kwa sauti ya mgonjwa, "nikerezee za njano."

"Za nini?"

"Umenisikia."

"Hii mashine ina kelele, shemeji."

"Za njano!" akapayuka, hadi fundi viatu wa jirani akachungulia. Nikamkerezea, nikicheka peke yangu.

Siku ya kujaribu, dada alijaza beseni unga mzito kuliko kawaida, makusudi. Shemeji akashika swichi. "Mikono nyuma," akamwambia. Dada akaiweka nyuma. Mota ikaguna mara moja, mwiko ukatikisika, ukazunguka, unga wote ukaufuata.

Shemeji hakuitazama mashine hata kidogo. Aliivuta mikono ya mkewe, akaikagua kidole kwa kidole, kama anayepokea mota kwa mteja mwongo. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Vipo vyote," dada akamwambia. "Niachie basi, nikawashe tanuri."

Hakumwachia.