Siku Saba Angani Hadi Toronto

Nianze na ujinga wenyewe: nilimwambia mama kwamba ndege kutoka Nairobi hadi Toronto inakwenda siku saba.

Dada yangu mkubwa alikuwa anamfuata mumewe huko. Mama, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Wajir juu ya lori, alitaka kujua apike nyirinyiri kiasi gani. Hiyo ni nyama inayokatwa vipande vidogo mno, ikakaangwa hadi ikakauka, kisha ikazamishwa kwenye samli isiharibike. Kwetu Garissa msafiri hafungiwi nyirinyiri kwa kukisia. Njia ikiwa ndefu, mkebe unakuwa mkubwa. Na sufuria ikiwa kubwa, mlamba sufuria ni mimi.

Nikafungua atlasi ya shule. Garissa hadi Wajir, ncha ya kidole tu, na lori linatoa jasho kutwa. Kufika Toronto vidole vyangu viliisha, nikaazima vya dada.

"Siku saba, Hooyo," nikamwambia mama kwa sauti ya mwalimu. "Na hapo rubani asilale."

"Saba!" Mama akashika kichwa. "Basi nyama ya buchani haitoshi. Tutamchinja yule dume wako."

Dume wangu! Mbuzi niliyezawadiwa na mjomba nilipohitimu chuo cha Kurani, mwenye doa jeupe usoni, anayenisindikiza hadi lango la shule na kutafuna madaftari ya wenzangu. Nikarudi kwenye atlasi mbio.

"Hooyo, nilipima vibaya. Ndege haikwami mchangani, wala haisimami ngamia wavuke. Hata siku mbili haimalizi, wallahi!"

"Asubuhi siku zilikuwa saba. Toronto nani ameisogeza?"

Nikamgeukia dada aniokoe. Tiketi alikuwa nayo mkononi, saa zote zimeandikwa. Akatabasamu kama malaika.

"Mimi najua nini, Hooyo? Anayesoma jiografia ni yeye."

Dume akachinjwa. Nyama yote ikaingia mkebeni, mama akaukalia mfuniko hadi ukakubali kufunga. Sufuria nayo akaipangusa mwenyewe kwa anjera, ule mkate wetu laini wa kumimina, akamlisha dada. Mimi nilibakiziwa harufu.

Dada akapanda basi la Nairobi, na jioni ile ile ndege. Siku ya tatu mwenye duka jirani akatuita mbio, simu ya Toronto iko hewani. Nikabana sikio karibu na la mama. Sauti ya dada ilikuja nyembamba, ikikatika: ameshafika tangu jana, njiani hakupata hata nafasi ya kusikia njaa, na mkebe ndio kwanza mumewe anaufungua.

Mama akarudisha simu mahali pake. Akajifunga mtandio vizuri, akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema:

"Alhamdulillahi, dada yako amefika salama. Na mbuzi wako pia."