Mahfuza na Utaji Unaofunuliwa Mara Moja

Mji mzima wa Margilan haukuwa na mtu mwenye picha mbaya kama Mahfuza, na picha yenyewe haikufichwa uvunguni. Ilitundikwa langoni mwa kiwanda cha hariri, kwenye ubao wa wafanyakazi hodari, kila apitaye aione. Wenzake wote ubaoni wamekodoa macho kama waliokanyagwa vidole. Mahfuza peke yake amefumba, mdomo wazi kidogo, na chini yake pameandikwa kwa wino mwekundu: Mfano wa Bidii. Wa zamu ya asubuhi wakifika hapo humpungia mkono. "Dada Bidii, usiamke! Endelea tu, sisi tutafanya kazi."

Aliyempiga picha ile ni mjomba wake, ndugu wa mama yake tumbo moja, Inoyat mwenye studio karibu na soko la mikate. Siku utani ulipomfika kooni, Mahfuza alimwendea moja kwa moja kutoka kazini, mikono bado inanuka. Kazi yake ilikuwa kuchemsha vifuko vya viwavi wa hariri na kuichokoa ncha ya uzi kwa vidole ndani ya birika la maji ya moto, na vidole vya kazi hiyo huwa vyeupe, vimenyauka, utadhani ni vya mtu aliyeopolewa mtoni.

"Mjomba, umenipiga nimelala."

"Mimi hupiga kilichopo," akasema Inoyat bila kuinua macho kwenye bakuli lake la chai. "Ulipofumba, mimi nilikuwa kazini. Mtoro ni wewe."

"Basi nifundishe kazi. Siku moja nitakupiga unapiga chafya, nikutundike sokoni."

Mzee akacheka, meno yake ya dhahabu yakamulika chumba. Lakini Mahfuza hakuwa akitania. Alikwishaolewa, akaachika, akarudi kwa mama yake, na miaka yote hiyo kitu kimoja tu hakikubadilika: yale maji. Alichotaka ni kuitoa mikono yake mle kabla haijasahau kufumbata. Inoyat akaitazama ile mikono, akaacha kucheka, akamtolea kamera kuukuu yenye mkanda wa ngozi uliokatika na kufungwa fundo.

"Filamu iko wapi?"

"Filamu ya nini? Kwanza jifunze kutazama. Mwezi huu utapiga hewa."

Sasa wewe uliyenunua kamera juzi na leo unajiita fundi, kaa kitako usikilize, maana haya Mahfuza aliyapata kwa kutukanwa, nawe unayapata bure. Akatembea Margilan nzima akipiga hewa. Majirani wakasema amerukwa na akili. Jioni huketi na mjomba kwenye kitanda kikubwa cha uani wanaponywea chai, akasimulia alichokiona.

"Nilimpiga muuza tikiti."

"Jua lilikuwa wapi?"

"Juu."

"Juu ndiyo wapi? Jua la adhuhuri humchimbia mtu mashimo machoni, akawa fuvu lenye kofia. Mrudie asubuhi, au msogeze chini ya turubai. Mwanga unatafutwa kwanza, mtu baadaye. Mimi niliwahi kumngoja ngamia siku nzima mpaka kivuli chake kikakaa sawa!"

"Jana ulisema alikuwa farasi."

"Farasi alikuwa mwaka mwingine. Usinikatize."

Alipopewa filamu hatimaye, aibu ikaanza upya. Picha ya kwanza ilikuwa ya kidole gumba chake, kikubwa kama kuba la msikiti. Ya pili, jirani yao Bi Saodat, mwanamke wa heshima zake, na mti wa mforosadi umemchomozea utosini.

"Huyu anazaa matunda msimu gani?" akauliza mjomba. "Mahfuza, mwanangu, ukimtazama mtu, tazama na nyuma yake. Jicho lina adabu, husahau kilicho nyuma. Kamera haina adabu hata kidogo."

Ya tatu ilikuwa harusi ya mtaa wa pili aliyoipiga juu ya ukuta, na watu ndani yake wakawa kama kunguni kwenye shuka. "Una miguu?" akauliza mjomba. "Ninayo." "Basi isogeze! Ukiona umekaribia vya kutosha, karibia tena, mpaka akuonee haya au umwonee." Kisha akamwonya asiwe anaangalia filamu imebaki kiasi gani wakati jambo linatokea, na asimwambie mtu acheke. "Mwenye meno ya dhahabu atacheka mwenyewe, kayalipia. Asiye nayo ukimlazimisha, ananuna kwa ndani na inaonekana." Na kubwa kuliko yote: ukishapiga, vuta filamu mbele papo hapo, maana jambo zuri halikungoji uzungushe kifundo cha kamera.

Wiki zikapita, vidole gumba vikapungua, miti ikahama vichwani.

Ndipo Bi Oyimkhon akamwoza mwanawe. Huyu Bi Oyimkhon ndiye redio ya mtaa; akipiga chafya kwake, mtaa wa tano wanamwombea afya. Alikuja studio akamkuta Inoyat na mpwa wake, akasema bila kukaa:

"Asubuhi ya bibi harusi kuwasalimu wakwe, ua wangu utajaa wanawake. Inoyat simtaki, ana mdomo. Nimesikia huyu naye anapiga."

"Anapiga," mjomba akasema. "Mara nyingine anapiga hata mtu."

"Dada," Bi Oyimkhon akamgeukia Mahfuza, "nataka picha moja: mwali akifunuliwa. Mama yake haji asubuhi ile, unajua desturi, uso wa bintiye siku hiyo atauona kwenye picha yako tu. Ikitoka, nitakutaja nyumba kwa nyumba. Isipotoka, nitakutaja vilevile nyumba kwa nyumba."

Mahfuza akaelewa. Ikitoka, ameaga maji ya moto. Isipotoka, hakuna ua mjini utakaomfungulia, na lile birika la kiwandani litamzeesha.

Asubuhi ile alifika mapema kuliko wapishi. Akauchunguza ua. Mwanga ulikuwa unaingia kwa upole kupitia mizabibu, ukaangukia mlango wa chumba cha maharusi. Akamwomba mtu aondoe rundo la masufuria nyuma, yasije yakamwotea bibi harusi masikioni. Akasogea, akasogea tena, mpaka akawa hatua chache tu na mahali mwali atakaposimama. Akavuta filamu mbele. Akashusha pumzi. Mjomba angekuwepo angetafuta kosa na asilipate, na hilo lingemuudhi sana.

Mwali akatolewa, Dilrabo jina lake, utaji mzito umemfunika mpaka kifuani, anainamia wakwe mmoja mmoja kadiri mwimbaji anavyowataja. Kitoto cha familia kikakabidhiwa kitawi cha mti wa matunda, chenye majani yake, kimfunue nacho. Kwanza kikala jani. Wanawake wakacheka, wakakisukuma mbele. Mahfuza akaleta kamera jichoni.

"Dada wa watu hajala!"

Ilikuwa sauti ya Bi Oyimkhon. Anakuja na sahani ya pilau, mkono wa kulia umekwishafinyanga tonge, tonge lenyewe kubwa kama ngumi, linang'aa mafuta ya mkia wa kondoo. Mwenye shughuli akikulisha kwa mkono wake mwenyewe, amekupa heshima ambayo wapo waliokufa bila kuipata. Kulikataa tonge lile ni kummwagia pilau usoni mbele ya ukoo.

"Bi mkubwa, dakika moja tu, wanafunua..."

"Watafunua tu! Fungua mdomo, mwanangu, umekonda kama uzi!"

Mahfuza akafungua. Mjomba alimfundisha jua, kivuli, miguu na nyuma ya mtu, lakini la pilau hakumfundisha. Tonge likaingia lote, na kiganja nusu. Punje zikamtoka pembeni, mafuta yakamshuka kidevuni mpaka juu ya kamera. Macho yakamlengalenga machozi. Na mle ndani ya machozi akaona kitawi kinapanda.

Utaji ukafunuliwa.

Dilrabo alifundishwa wiki nzima: ukifunuliwa, macho chini, usimtazame mtu, usitikisike, ukicheka wamekuita mwali asiye na haya. Lakini alipotolewa gizani, kitu cha kwanza mbele yake, karibu kabisa, kilikuwa mwanamke mwenye mashavu kama panya wa ghalani, wali puani, anakaba kamera na kukohoa kimyakimya kwa adabu. Kidole cha Mahfuza, kimejaa mafuta, kikabonyeza. Hata yeye hakujua kimebonyeza nini.

Kisha peremende zikarushwa, watoto wakavamia, na mwali akawa ameinamisha uso tena.

"Nirudie?" Mahfuza akauliza alipoweza kumeza. "Mfunikeni tena kidogo, mara moja tu..."

"Toba!" bibi mmoja akamaka. "Mwali akifunuliwa mara mbili ataolewa mara mbili!"

Akapiga na nyingine, wakwe, sahani, kitoto na kitawi chake kilicholiwa. Njia nzima ya kurudi alijiona yuko mbele ya birika.

Kwenye chumba cha giza cha mjomba wakaanza kusafisha picha. Karatasi ikalala kwenye dawa, nyeupe. Mahfuza hakuthubutu kutazama, akamtazama mjomba. Mjomba akanyamaza, na Inoyat kunyamaza ni jambo la kuitiwa tabibu.

"Kafumba macho?" Mahfuza akanong'ona.

"Njoo uone."

Dilrabo alikuwa anacheka. Si tabasamu, kicheko kizima, kichwa nyuma, utaji umekwama kwenye nywele, jani moja limeanguka begani. Na kwa sababu kioo cha lenzi kilipata mafuta, uso mzima ulikuwa na ukungu mwororo, kama umetoka hamamuni.

"Hii imeharibika," Mahfuza akasema. "Mwali hacheki."

"Imeharibika kabisa," mjomba akasema, akaitundika ikauke. Kisha akaitundua, akaisogeza kwenye taa, akaitundika tena. "Ulipaka nini kwenye lenzi?"

"Kondoo."

Kesho yake akampelekea Bi Oyimkhon, na mjomba akafuata nyuma eti ananunua vitunguu. Bi Oyimkhon akaipokea picha, akaivuta karibu, akaisogeza mbali. Uso wake ukakaza.

"Dilrabo!"

Mwali akaja, akainama.

"Ulikuwa unacheka nini mbele ya wakwe zako?"

Msichana akaona picha, akajiziba mdomo, mabega yakaanza kumtikisika. "Nisamehe, mama. Nilimwona dada huyu... pilau yako ilikuwa imemjaa mpaka puani, naye anaogopa kuitema."

Mahfuza akaanza kutafuta mlango kwa macho.

"Kwa hiyo," Bi Oyimkhon akasema polepole, "aliyemchekesha mkwe wangu ni mimi."

"Ni tonge lako, bi mkubwa," Mahfuza akajibu.

"Mimi!" Akasimama. "Wengine mwali wao akifunuliwa analia, wangu anacheka! Kaingia nyumba ya heri! Piga nakala, dada. Moja ya mama yake, moja ya shangazi wa Namangan aliyesema nina roho mbaya, na yangu iwe kubwa."

Mama wa Dilrabo alipopelekewa yake, alikaa nayo mapajani mpaka chai ikapoa, akasema hajawahi kuletewa habari nzuri namna ile. Na Bi Oyimkhon akatimiza ahadi: akamtaja Mahfuza nyumba kwa nyumba, akianza kila mara na jinsi alivyolifinyanga lile tonge. Kabla ya zabibu kuvunwa, Mahfuza alikwenda kiwandani kuaga. Waliobaki kwenye mvuke wakamwuliza atakula nini huko. Hakujua kwamba hilo ndilo lingekuwa tatizo lake.

Maana kila mama wa bwana harusi alitaka mwali wake acheke, na kila mmoja aliamini dawa ni tonge lilelile. Mjomba Inoyat alijaribu njia ya mkato, akapaka mafuta ya kondoo kwenye lenzi yake, akapiga wazee wa baraza wote na nzi walioyafuata mafuta wamewakalia. Mahfuza yeye alijua kwamba mafuta si kitu. Ni kusogea karibu mpaka mwali asiwe na mwingine wa kumwona.

Wiki iliyopita alikuwa harusini Rishton. Mwanga mzuri, nyuma pasafi, filamu imevutwa. Kitawi kikaanza kupanda, na pembeni mama mwenye shughuli anakuja mbio, sahani mkono mmoja, tonge mkono mwingine, anapiga kelele wamngoje. Mahfuza akaleta kamera jichoni, kidole kwenye kibonyezo, akafungua mdomo.